Mwaridi wa zamani unakufa? Usianzie duka la pembejeo

Mwaridi uliokaa uani miaka ishirini au thelathini haufi kwa wiki moja. Ukiukuta umebaki na matawi mawili makavu na vijani vichache juu, ujue shida ilianza misimu kadhaa nyuma, na mara nyingi ilianzia chini: kwenye udongo, kwenye mizizi, au pale shina linapoingia ardhini. Wengi wetu hukata jani lenye madoa, tukalipeleka duka la pembejeo, tukarudi na chupa ya dawa. Tukishapuliza, majani hupendeza kwa muda, kisha hali inarudi ile ile, na safari hii nguvu za mmea za kujitetea zimepungua zaidi.

Hapa tutakwenda kwa dalili. Ninawafikiria hasa watu wa nyanda za juu, yaani Lushoto, Arusha, Limuru, Iringa na kwingineko kwenye usiku wa baridi, ambako mwaridi hustawi bila kubembelezwa. Wa pwani nao wana sehemu yao, maana shida zao nyingi ni za namna nyingine.

Jambo moja litangulie. Kama mwaridi huo ni wa kurithi na hujui jina lake, huwezi kununua mwingine kama huo. Kwa hiyo kabla ya kuukata sana, tafuta namna ya kupata mtoto wake. Ugumu ni kwamba tawi la mmea mgonjwa halitoi mizizi kirahisi. Ndiyo maana utaratibu ninaoupendekeza ni huu: ondoa kilichokufa tu, rekebisha maji na udongo, subiri machipukizi mapya mazuri, yachukue kwa ajili ya vipandikizi, na ndipo uupogoe kichaka kwa nguvu. Anayeanza na mkasi mkubwa siku ya kwanza anaweza kupoteza mama na mtoto kwa pamoja.

Je, bado uko hai?

Kwaruza gome kwa ukucha, ukianzia nchani na kushuka. Chini ya gome pakiwa kijani na penye unyevu, tawi ni zima kuanzia hapo kwenda chini. Pakiwa kahawia na pakavu, endelea kushuka. Usiishie usawa wa ardhi. Fukua udongo taratibu kwa mikono mpaka uone shingo ya mmea, yaani pale shina linapokutana na mizizi, kisha ukwaruze hapo pia. Nimeona miwaridi mingi iliyohukumiwa kufa ikichipua kutoka shingoni mvua za vuli zilipoanza, baada ya mwenyewe kuondoa tu rundo la udongo na takataka lililokuwa limeifunika.

Halafu ushike mmea karibu na ardhi na uutikise. Ukicheza kama nguzo iliyooza, mizizi imekwisha: ama maji yametuama, ama mchwa wameingia kwenye shina kavu, ama minyoo fundo imefanya kazi yake. Chimba pembeni utazame mizizi. Vinundu vidogo vidogo kwenye mizizi myembamba ni minyoo fundo. Mizizi myeusi, laini, yenye harufu mbaya, ni maji. Mashina yaliyojaa udongo ndani ni mchwa, na hao kwa kawaida huanza na mbao mfu zilizoachwa kwenye kichaka, ndipo wasogee kwenye sehemu hai. Ukiondoa mbao mfu na kuweka matandazo mbali kidogo na shina, umewanyima mlango.

Kama unashuku maji yanatuama, chimba shimo la sentimita 40 hivi hatua moja kutoka kwenye mmea, lijaze maji, yaache yanywee, kisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yapo siku inayofuata, hapo mwaridi hautapata nafuu kwa dawa yoyote. Chimba mfereji, au panga kuuhamishia kwenye tuta.

Kichaka kimenawiri, lakini maua si yale

Bibi alikuwa na waridi jekundu lenye harufu, sasa kichaka kina fito ndefu zenye miiba na vimaua vidogo ambavyo hakuna anayevikumbuka. Watu husema waridi "limegeuka". Halikugeuka. Miwaridi mingi ya dukani hubebeshwa: aina nzuri hupachikwa juu ya shina la aina nyingine yenye mizizi imara. Mashamba ya maua ya Afrika Mashariki hutumia sana aina iitwayo Natal Briar kwa kazi hiyo. Aina ya juu ikidhoofika, shina la chini huchipua lenyewe, na kwa kuwa lina nguvu zaidi, hunyang'anya chakula chote mpaka mwenye nyumba, yaani ile aina ya juu, afe njaa.

Tafuta uvimbe wa pale palipobebeshwa, karibu na ardhi. Chochote kinachotokea chini ya uvimbe huo ni maotea na kiondolewe. Usikikate usawa wa udongo, maana hapo umekipogoa tu na kitarudi kikiwa vitatu. Fukua mpaka kinapotokea kwenye mzizi, ukishike kwa glavu nene, ukivute kwa nguvu king'oke na kisigino chake.

Sasa angalia usije ukaharibu. Miwaridi mingi ya zamani vijijini na kwenye viwanja vya misheni haikununuliwa dukani. Ilipita mkono kwa mkono, jirani akimkatia jirani tawi. Miwaridi hiyo husimama kwa mizizi yake yenyewe, haina uvimbe wa kubebeshwa, na chipukizi linalotoka chini ya ardhi ni waridi lile lile la bibi. Hilo ni hazina. Ukilitoa na kamzizi kake una mche tayari. Kanuni inayosambazwa kwamba jani la vijani saba ni la otea na la vijani vitano ni la waridi halisi haitegemeki, maana aina nyingi nzuri zina majani ya vijani saba. Fuata chipukizi mpaka linapotokea. Ukishindwa kuamua, liache lichanue kwanza.

Matawi yanakauka kutoka nchani kwenda chini

Tawi linageuka kahawia au jeusi kuanzia pale lilipokatwa, na weusi unashuka jicho kwa jicho (jicho ni pale chipukizi linapotokea kwenye tawi). Sababu ya kawaida kuliko zote ni mkasi. Mtu alikata mbali na jicho, akaacha kisiki cha vidole viwili ambacho hakina jani la kukilisha. Kikafa, kuvu wakaingia, wakaendelea na safari. Au alitumia panga, gome likachanika. Au alipogoa katikati ya masika, kidonda kikashinda kimelowa.

Kata chini ya sehemu iliyokauka mpaka moyo wa tawi uonekane mweupe au wa maziwa. Ukiwa kahawia, shuka tena, hata kama inakuuma. Mkato uwe karibu nusu sentimita juu ya jicho linalotazama nje, uinamie upande usio na jicho. Futa mkasi kwa spiriti unapotoka kichaka kimoja kwenda kingine. Jiki iliyochanganywa na maji nayo inafaa, ila suuza, kwani inakula chuma. Vipande vilivyokauka vichomwe au vitolewe uani. Kwenye shimo la mboji haviendi.

Kama hukukata chochote na bado ncha zinakauka, rudi kwenye mizizi. Kisha ujiulize kuhusu kiu. Mwaridi mkubwa wakati wa kiangazi unataka ndoo ya lita 20 mara moja au mbili kwa wiki, ikimwagwa polepole ishuke chini, kuliko kikombe cha kila jioni kinacholowesha vumbi. Vikombe vya jioni hufundisha mizizi kukaa juu, na Februari ikifika inaungua.

Majani ya manjano

Hii ndiyo dalili inayodanganya kuliko nyingine, kwa sababu ni manjano mengi tofauti. Kwanza tazama ni majani gani yanayougua, ya juu au ya chini.

Majani ya chini, ya zamani, yakififia yote kwa usawa na kichaka kizima kikiwa kimedumaa, mmea una njaa ya naitrojeni. Ndoo ya samadi iliyoiva, ikitandazwa kuzunguka mmea bila kugusa shina, inatosha kuanzia. Majani ya chini yakiwa manjano katikati ya mishipa huku kingo au mishipa ikibaki kijani, shaka iende kwa magnesi. Hapo chumvi ya Epsom ina kazi. Nje ya hapo sioni maana ya mtindo wa kumwaga chumvi hiyo kila mwezi. Mmea usiokosa magnesi haunufaiki na magnesi zaidi.

Majani ya juu, machanga, yakiwa manjano au karibu meupe na mishipa imebaki kijani kama ramani ya mito, hilo ni tatizo la chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila mmea hauwezi kukinywa kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.5. Pwani yote yenye udongo wa matumbawe, Unguja, Lamu na sehemu kubwa ya Mombasa, hili ndilo tatizo namba moja. Bara hulikuta pia, lakini kwa njia ya ajabu: nyumba ilipigwa lipu mwaka jana, mafundi wakaoshea karai zao palepale kwenye maua, na sasa mwaridi wa ukutani umepauka huku wa getini uko salama.

Na hapa tuzungumze kuhusu majivu. Mtu akiona mmea dhaifu, anamwaga majivu ya jikoni. Kwenye udongo mchachu wa milimani yanaweza kusaidia kidogo. Kwenye udongo wa chokaa yanaongeza tatizo lile lile. Kwa pwani, panda kwenye pipa au chungu kikubwa chenye mboji nyingi, kinga maji ya mvua, na ukinunua mbolea ya chuma uliza ile ya aina ya EDDHA, ambayo hubaki ikinyweka hata penye chokaa.

Kingo za majani zikiungua na kuwa kahawia kana kwamba zimepitiwa na moto, waza chumvi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na hata ukionja huoni sana, mwaridi unaona. Maji ya kufulia nayo yamo kwenye kundi hili. Beseni moja la suuza ya mwisho haliui, lakini kumwaga maji ya omo mahali pamoja kila Jumamosi kunajaza sodiamu. Dawa yake ni maji mengi matamu, ya mvua ikiwezekana, yasukume chumvi chini ya mizizi.

Manjano yenye michirizi ya zigizaga au mistari kama ramani, kwenye majani machache, huku kichaka kikichanua vizuri, ni virusi. Havitibiki. Huenea hasa kwa kubebesha, kwa hiyo mmea huo usiutumie kutoa macho wala vipandikizi. Wenyewe unaweza kuishi miaka mingi ukiendelea kukupa maua.

Majani mengi, maua hakuna

Kagua jua kabla ya kingine chochote. Mwaridi unataka saa sita za jua la moja kwa moja. Parachichi iliyokuwa mche wakati bibi anapanda, leo ni mti wa mita kumi, na hakuna mbolea inayoshinda kivuli chake wala mizizi yake. Pogoa mti, au uhamishe uzao wa mwaridi. Sababu ya pili ni urea au samadi ya kuku kupita kiasi, ambayo hutoa majani laini yanayowaita vidukari.

Ya tatu huwashangaza watu: aina nyingine za kale huchanua mara moja tu kwa mwaka, na huhitaji baridi ili zichanue. Waridi la Jebel Akhdar huko Oman, ambalo hutengenezewa maji ya marashi, ni la jamii ya damaski. Lipo kwenye uwanda wa juu, mita 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na huvunwa kati ya mwisho wa Machi na Mei. Ndugu zetu wenye jamaa kule huota kuleta tawi lake Unguja au Mombasa. Hata likishika mizizi, joto la pwani halilipi usingizi linaoutaka, na utabaki na kichaka cha majani na miiba. Pia mche au tawi kuvuka mpaka kunataka kibali na cheti cha afya ya mimea. Mamlaka ya afya ya mimea inayohusika Kenya ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA. Kwa pwani utafurahi zaidi na jamii ya miwaridi yenye asili ya China na zile ziitwazo za chai, mfano 'Old Blush' au 'Mutabilis', ambazo huchanua mwaka mzima bila kudai baridi.

Mwaridi unaotambaa ukiwa hauchanui, laza fito zake. Fito iliyosimama wima hutoa ua nchani tu. Ukiiinamisha karibu na mlalo na kuifunga kwenye uzio au waya, kila jicho linatoa kitawi chake cha maua.

Madoa, unga, utando

Nitapita haraka, maana magonjwa haya ndiyo yanayotajwa mno. Madoa meusi ya mviringo yenye kingo za nyuzinyuzi, kisha jani kugeuka manjano na kudondoka: kuvu wake huhitaji jani kulowa kwa saa saba hivi ili waingie. Ndiyo sababu kumwagilia juu ya majani jioni ni kuwatandikia kitanda. Mwagilia asubuhi, chini. Okota majani yaliyoanguka. Ubwiri unga, ule weupe kama vumbi la ngano kwenye machipukizi, hauhitaji jani kulowa. Unapenda usiku wa baridi wenye unyevu na mchana wa joto, yaani Julai ya Limuru. Fungua katikati ya kichaka upepo upite. Salfa husaidia ikiwahi, ila usiipulize kwenye jua kali, itaunguza.

Ubwiri vinyoya ni hatari zaidi na watu huuchanganya na madoa meusi. Madoa yake ni ya zambarau au mekundu-kahawia, yana pembe kwa kuwa hufuata mishipa, na kichaka kinaweza kupukutika ndani ya siku chache za ukungu na manyunyu. Dawa za shaba au mankozebu ni kinga; jani lililokwisha kuugua halirudi.

Majani yenye vitone vyeupe vingi na utando mwembamba kwa chini, msimu wa joto kavu, ni utitiri. Huyo si mdudu wa kawaida, na dawa nyingi za wadudu hazimgusi, bali huua wanaomla. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, rudia kila baada ya siku mbili tatu. Magamba meupe kama chokaa kwenye mashina ya zamani ni wadudu: yasugue kwa mswaki na maji ya sabuni. Kama maua yako yanakwenda kwenye kikuba, kwenye maji ya waridi au kwenye biriani, usipulize dawa ya sumu kabisa, na wala usitumie maua ya kununua ya kupamba, kwani hayo yamelimwa kwa ajili ya macho.

Uvimbe wenye mikunjo shingoni au mizizini

Ukiwa mgumu, wenye sura ya koliflawa, na unakua kila msimu, huo ni uvimbe unaoletwa na bakteria aitwaye Agrobacterium. Usiuchanganye na fundo laini la kubebeshwa. Hauna tiba. Ukiukata unarudi, na mkasi unaupeleka kwingine. Mmea mzee unaweza kuvumilia miaka, lakini usichukue kipandikizi kutoka kwake, na ukifa usipande mwaridi mwingine mahali pale.

Kupogoa kichaka kizee bila kukiua

Sasa umeondoa mbao mfu, maji yanashuka, samadi imetandazwa. Baada ya wiki kadhaa machipukizi mekundu yanatoka. Hapo ndipo unapochukua vipandikizi, nitakavyoeleza, na baadaye unapogoa.

Huku kwetu hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mmea, kwa hiyo kalenda za Uingereza tuziache huko. Nyanda za juu, muda ninaoupenda ni Agosti mwishoni au Septemba mwanzoni: baridi inalegea, ardhi bado kavu kiasi kwamba vidonda vinafunga, na vuli inakuja kulisha machipukizi. Maua hurudi wiki sita hadi nane baadaye. Wakati wa masika usipogoe.

Kichaka dhaifu kisipoteze zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Toa shina moja kuukuu kabisa, lile la kijivu lenye magamba, likatwe chini kwa msumeno mdogo. Msimu unaofuata toa jingine. Ndani ya miaka miwili au mitatu kichaka chote kitakuwa cha mashina mapya. Ili shingo ichipue, iache ione mwanga: ondoa udongo uliorundikana na usugue gome kavu kwa brashi taratibu. Miwaridi ya chai haipendi kukatwa fupi, safisha tu. Aina za baadaye kama 'Peace', iliyopewa jina hilo mwaka 1945, au 'Iceberg' ya mwaka 1958, huvumilia mkasi zaidi.

Mbolea ya dukani isubiri machipukizi yafikie urefu wa kidole. Kabla ya hapo mmea hauna majani ya kuifanyia kazi.

Vipandikizi vinakufa: vinakufa vipi?

Njia yenyewe ni fupi. Chukua tawi ambalo ua lake limetoka kupukutika, unene wa penseli. Jaribio zuri ni mwiba: ukiusukuma kwa upande ukakatika safi, tawi limefikia umri. Mwiba ukipinda, ni changa mno. Ukichanika na gome, limepitiliza. Mwagilia mmea siku moja kabla, kata asubuhi mapema, urefu wa sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya jicho. Acha majani mawili ya juu. Chomeka theluthi mbili kwenye mchanga safi wa mto uliochanganywa na usumba au pumba za mpunga zilizochomwa, nusu kwa nusu. Funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kifuniko kikiwa wazi kidogo, weka kivulini penye mwanga. Unga wa homoni ya mizizi huongeza nafasi, ukiukosa, endelea. Pwani fanya kazi hii msimu wa kusi, Juni hadi Agosti, joto lilipopungua.

Sasa matatizo. Kikianza kuwa cheusi kutoka chini, mchanganyiko una maji mengi au udongo wa bustani umeingia na vijidudu vyake. Hapa ndipo ule ujanja wa kuchomeka tawi kwenye kiazi unapoangukia: kiazi kinaoza na tawi linaoza nacho. Kikikauka kutoka juu, hewa ni kavu au jua linakipata. Kikitoa majani mazuri wiki ya pili kisha kikanyauka ghafla, hakikuwa na mizizi kamwe; kilikuwa kinatumia akiba ya shina. Kwa hiyo majani mapya yasikufurahishe mapema. Mizizi huchukua wiki nne hadi nane, mara nyingine zaidi kwenye baridi. Wala usikivute kuona kama kimeshika. Tumia chupa angavu chini pia, uifunike kwa kitambaa, uwe unafunua kuchungulia mizizi.

Kikiwa kijani miezi mitatu, na chini kuna uvimbe mweupe mgumu bila mizizi, kwaruza uvimbe huo kwa wembe kidogo na ukirudishe kwenye mchanganyiko mpya. Wakati mwingine kinakubali.

Kikifa siku chache baada ya kufunuliwa, ulikitoa kwenye unyevu ghafla. Fungua kifuniko kwanza, kisha inua chupa saa moja kwa siku, ongeza taratibu kwa wiki nzima, ndipo ukihamishie kwenye kiriba (mfuko wa miche).

Matawi ya maua ya dukani hujaribiwa na wengi. Mengi hayashiki, maana yamekaa siku nyingi kwenye baridi na dawa, na aina zake nyingi zina haki za wazalishaji. Nguvu hiyo iweke kwenye mwaridi wa kurithi.

Aina inayogoma kabisa

Kama una tawi moja tu zuri, usilikate. Lilaze. Chagua tawi refu linalopinda, lichane kidogo upande wa chini karibu na jicho, weka kijiti cha kiberiti kwenye mchano usizibe, lifukie sentimita kumi kwenye udongo uliolainishwa kwa mboji, ulishikilie kwa waya uliopindwa, ncha ibaki nje imesimama. Weka jiwe juu, lihifadhi unyevu na lizuie kuku kuchakura. Baada ya miezi mitatu au minne vuta kidogo. Likigoma kutoka, lina mizizi. Likate pale linapoungana na mama, uliache hapo hapo wiki mbili, ndipo uhamishe. Ni njia ya polepole, ila mama anamlisha mtoto muda wote, na kwangu ndiyo ya kwanza kwa mmea uliobaki mmoja.

Njia nyingine ni kubebesha jicho, na hapa yale maotea uliyoyalaani yana faida: yapande kama vipandikizi, yanashika haraka, na yakifikia unene wa penseli yanapokea jicho la waridi la bibi. Chana gome la shina umbo la herufi T, ingiza jicho lililokatwa na ngao nyembamba ya gome, funga kwa utepe wa nailoni ukiacha jicho nje. Gome lazima liwe linaachia kirahisi, jambo linalotokea mmea ukiwa na maji ya kutosha. Wiki tatu au nne baadaye, jicho lililobaki kijani limeshika.

Mche mpya kwenye shimo la zamani

Mwaridi mzee ukifa hatimaye, kishawishi ni kupanda mtoto wake palepale. Mara nyingi atadumaa, hata kama udongo unaonekana mzuri, kwa sababu vimelea na minyoo iliyozoea mizizi ya mwaridi imebaki humo. Chagua mahali pengine. Kama hapana nafasi nyingine, toa udongo kina cha sentimita 45 na upana kama huo, upeleke mbali, na ujaze shimo kwa udongo wa sehemu ambayo haijawahi kuwa na waridi, uliochanganywa na samadi iliyoiva kwa uwiano wa tatu kwa moja. Mche uliobebeshwa, kwenye ardhi ya mchwa au penye joto, uache uvimbe wake juu kidogo ya udongo. Mche wa mizizi yake yenyewe unaweza kuzama kidogo zaidi ya ulivyokuwa kwenye kiriba. Matumba ya miezi ya kwanza yakate yakiwa madogo, na mbuzi wafungwe mbali.